Kichujio

Bwana Kyoni wa ofisi ya mawasiliano ametaka nyuki watatu:
mmoja sikioni, mmoja puani, wa tatu
atoke kinywani ukisema "Kampemba!"
Na kwenye paji la uso, kwa herufi nyekundu,
jina la tanuri la mikate lililotununulia jezi.
Nikamwambia, Bwana, paji la uso si ukuta wa duka.
Akacheka. Akanipa nusu ya malipo,
nusu baada ya mechi.

Basi usiku nachora nyuki.
Umeme hapa Katuba huja saa saba kama mgeni asiye na haya,
hukaa kidogo, huondoka bila kuaga;
nimejifunza kuhifadhi kazi kila ninapovuta pumzi.
Mstari mweusi, mstari wa manjano. Bawa moja, siku mbili.
Kijani nimekitoa kwenye jiwe la malakiti
ambalo mama huzuilia mlango.

Simu haijui nyuki. Inajua nukta:
pembe za macho, ncha ya pua, ukingo wa midomo,
na uzi usioonekana unaozishona.
Nikaijaribu gizani, ikaniambia: hakuna uso.
Nipo hapa, nikaijibu. Nikasogelea mshumaa.
Hakuna uso.
Nikabadilisha namba, nikaisomesha upya
kwa picha za wadogo zangu, za jirani, za muuza makala
aliyesimama wima kama anapigwa picha ya kadi ya mpiga kura,
mpaka ikakubali kwamba tupo.

Jumatano nikaipeleka uwanjani.
Wasichana wakaigombania kama mpira wa kona.
Ntumba, beki wa kushoto, akafungua kinywa, nyuki akatoka,
akapiga yowe, akafungua tena.
Kisha Godelive Mukalay, kipa, nambari moja,
akavua glavu kwa meno,
akajitazama. Akageuza shavu. Akajitazama.
"Na kovu langu umeliweka wapi?"

Sikuwa nimeliweka popote.
Kulikuwa na kitufe kilichokuja na programu,
kimewashwa tangu huko kilikotengenezwa:
lainisha ngozi.
Sikukigusa. Hata sikukiona.
Kilimpitia kama chokaa juu ya ukuta wenye majina.

Njumu ya mshambuliaji, mechi ya Likasi, dakika ya themanini na nane:
kutoka unyusi wa kushoto hadi katikati ya shavu.
Damu iliingia jichoni
na mpira hakuuachia.

"Mama yangu anauza munkoyo," akasema,
"kichujio nakijua.
Kinapitisha kile kinachonyweka.
Sasa nionyeshe machicha uliyomwaga."
Kocha Mande akapuliza filimbi. Hakwenda.
"Mnasema chapa, chapa ya timu.
Hii nayo ni chapa.
Na mimi sikulipwa hata nusu."

Usiku ule nikazima kitufe.
Nyuso zikarudi na vyote vyake:
chunusi za Ntumba, mifuko ya macho ya kocha,
na mikunjo ya mwenye tanuri mwenyewe,
ikakunja jina la mkate wake hadi lisisomeke.
Sikurekebisha.

Kazi ikabaki moja.
Nyuki wa tatu nikambadilishia njia.
Hatoki tena kinywani. Anatua juu ya unyusi wa kushoto,
anashuka kwa miguu, polepole,
anasimama katikati ya shavu,
anakunja mabawa.

Bwana Kyoni aliuliza kwa nini.
Nikasema nyuki wana njia zao.
Nusu ya pili ya malipo bado naisubiri.

Jumamosi jukwaa zima likainua simu:
watoto wa Ruashi, mapadri wawili, muuza mayai ya kuchemsha,
mashabiki wa Kolwezi waliokuja kututukana,
na juu ya kila uso, nyuki akishuka mteremko uleule
bila mtu kujua ni mteremko wa nani.

Golini, Godelive akatemea glavu mate,
akagonga mwamba wa kushoto, akagonga wa kulia.
Hakutazama jukwaa.
Mpira ulikuwa unakuja.